Kabla hujamdunga mtoto, niambie ni ya nini

Mhariri, salamu. Wiki jana hapa Busia nilimkimbiza mtoto wa dada yangu kliniki moja ya mtaani, mwili unachemka, musawo (mhudumu wa afya) bila hata kumtoboa kidole apime malaria akaanza kuvuta dawa kwa sindano. Nikauliza hiyo ni ya nini, akanijibu "mama, wewe ndio daktari?" Nikambeba mtoto nikatoka (maneno ya dada yangu baadaye tuyaache tu).

Sasa jamani, kwinini, ile dawa ya malaria, ikidungwa vibaya matakoni inaweza kupiga neva ya mguu, mtoto aliyekuwa anakimbia anaanza kuburuta mguu, na watoto hao tunao Uganda, kule wilaya ya Kumi madaktari wameandika habari zao, wengine misuli ya matako imekakamaa hata kuchuchumaa hawawezi. Ndio maana mtoto mdogo anadungwa pajani. Na ule mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya, uliotoka 2009, unataka mgonjwa aelezwe na akubali kwanza, basi ubandikwe kliniki zote, kwa Kiswahili pia. Ila na sisi wazazi, tukipewa tembe tunaona tumedharauliwa, tunataka sindano!

Mama wa Busia