Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: siri tunazowaambia washauri zinaishia TikTok

Mheshimiwa Waziri wa Afya, shikamoo.

Najua majukumu yako ni mengi ila mimi milango yote niliyoijua nimeshabisha, nikienda huku naambiwa hilo sio letu nenda kule, nikienda kule wananirudisha huku, na jana ndo uvumilivu umeniishia kabisa maana jana ameposti sehemu ya pili.

Namzungumzia mshauri nasaha wangu. Mwaka jana nilijifungua, mtoto akaishi masaa machache akafariki. Nilikuwa sitoki ndani, sili, dada yangu akanitafutia mtu wa saikolojia anayehudumia watu mtandaoni, unalipa kwa simu halafu mnaongea WhatsApp, na Mungu ni shahidi alinisaidia, nikaanza kupata usingizi, nikarudi kazini kufundisha. Nilimwambia mambo ambayo hata mume wangu hayajui. Nilimwambia kuna soksi za njano za mtoto huwa naziweka chini ya mto nikilala.

Sasa mheshimiwa, hizo soksi nimezisikia TikTok. Amekaa mbele ya kamera, mziki wa huzuni unapiga chini kwa chini, anasema "mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huku Kigamboni", mtoto alizaliwa hivi, akafa hivi, mume alisema hivi, na soksi za njano. Kila nikimwandikia atoe ananijibu jina sijataja. Jina la nini wakati shule nzima ilikuja msibani kwangu? Saa nne asubuhi klipu ilishakuwa kwenye grupu la walimu, nimeingia ofisini watu wote kimya, mwenzangu mmoja akanikumbatia akaanza kulia, alikuwa na nia njema ila nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe naye kapigiwa simu na watu wa kijijini. Na chini ya ile video aliandika mkifikisha laiki elfu kumi naleta sehemu ya pili. Zimefika, kaleta.

Mimi nahisi ni kutafuta wateja, maana kila video inaishia na namba yake ya simu. Na nahisi hata hizo voisi nilizokuwa namtumia usiku nikilia anazisikia kijana wake anayemtengenezea video, maana simu ya kazi anaishika huyo kijana, aliwahi kunijibu yeye. Kuna wakati tena nilijikuta nimeingizwa kwenye grupu la wateja wake wote, namba zetu wazi, picha zetu wazi, kila mtu anamuona mwenzake.

Mheshimiwa, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imepitishwa 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Aprili 2024 Rais mwenyewe akazindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, tukaambiwa faragha zetu sasa zina mlinzi. Tulifurahi. Huyo mlinzi mimi nampata wapi, na wizara yako ambayo ndo ya afya inasema nini kwa hawa wanaotibu watu kwa simu? Kule Finland 2020 ilijulikana kwamba mhalifu kaiba kumbukumbu za wagonjwa wa kampuni ya ushauri nasaha ya Vastaamo, watu zaidi ya elfu 30, wakatumiwa ujumbe walipe hela la sivyo siri zao zitamwagwa. Lakini kule ilibidi mtu aingie aibe. Huku kwetu anatoa yule yule uliyemwamini, kwa uso wake na namba yake.

Sisemi mfunge huduma za mtandaoni, tafadhali msije mkafanya hivyo. Wataalamu ni wachache, mtu aliyeko wilayani ambaye hana nauli ya kwenda hospitali ya Muhimbili wala ile ya Mirembe, simu ndo tegemeo lake. Wapeni mwongozo ulioandikwa. Stori ya mgonjwa isipostiwe hata bila jina, na mgonjwa ajue ni nani mwingine anashika hiyo simu. Wenzetu Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na bodi wanayo. Na sisi mtupe sehemu moja ya kulalamika, moja tu, ambayo mtu akifika hataambiwa nenda kule.

Ila hayo ya mwongozo najua yatachukua muda, vikao, bajeti, sawa nitasubiri. Hizi video haziwezi kusubiri. Naomba mtu mmoja wa ofisi yako ampigie simu, namba yake ipo pale pale kwenye video, amwambie azishushe. Zote mbili, leo. Mimi ananipuuza, wizara hawezi kuipuuza. Sehemu ya tatu ameshatangaza ni Ijumaa. Nakuomba sana mheshimiwa, kabla ya Ijumaa.

Mwalimu, Kigamboni
Dar es Salaam