Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Habari ya Chupa, Vifuniko na Lebo

Ndugu wanachama, hamjambo.

Hesabu za fedha atawasomea mhazini, nami sitamwingilia. Mwaka huu malalamiko mengi yaliyofika kwenye kamati hayakuhusu mafuta wala sabuni zetu. Yalihusu chupa, kifuniko, na karatasi iliyobandikwa juu yake. Kwa hiyo taarifa yangu karibu yote ni ya vifungashio, na anayetaka habari za maonyesho na michango ataniuliza wakati wa chai.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwezi wa Julai nilipeleka mafuta ya nazi kwenye duka moja la Ngara, nimeyatia katika chupa ndefu za pampu, shingo nyembamba, nzuri kweli kweli. Baridi ya Nairobi ya mwezi huo mnaijua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai hapa hushuka hata nusu ya hapo. Wateja wakabonyeza pampu, kimya. Mama mmoja aliirudisha akidai nimemuuzia mshumaa. Shangazi yangu aliye Mombasa ana chupa ya aina hiyo hiyo na haijamsumbua hata siku moja, maana kule mafuta hayagandi. Siku hizi natumia kopo la mdomo mpana, na kwenye lebo nimeandika: "Yakiganda, weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu." Malalamiko ya mshumaa yamekwisha.

Wengi wetu hununua chombo kwa macho. Unapita River Road, unaona chupa inang'aa, unachukua dazeni kadhaa, ndipo ukifika nyumbani unawaza utie nini ndani. Kwenye mafunzo yetu tuligeuza mambo: kila mmoja alikuja na bidhaa bila chombo, tukaanza kuiuliza inaogopa nini. Mafuta ya parachichi yanaogopa mwanga na hewa. Yaweke kwenye kioo cheupe karibu na dirisha la duka, yataanza kunuka kabla ya siku zake. Chupa ya kahawia iliyojazwa hadi karibu na shingo ndiyo stara yake. Losheni yenye maji inaogopa vidole. Kopo linalochovywa kila mtu akitoka kuoga hukusanya vijidudu, kwa hiyo pampu au tyubu inafaa zaidi, na kihifadhi, yaani kiambato cha kuzuia vijidudu, bado kinahitajika. Tuache kudanganyana kwamba kitu cha asili hakiozi. Maembe ni ya asili.

Zeri ya nta ya nyuki nayo ina kisa. Mwanachama wetu mmoja aliimimina ikiwa bado moto kwenye makopo mapya ya plastiki yenye namba 1 kitakoni, yaani PET. Plastiki hiyo huanza kulegea joto likifika nyuzi 70 hivi. Makopo yalijikunja mbele ya macho yake. Angetumia namba 5, polipropilini, au vikebe vya bati, angelala salama. Na wale wa mafuta ya mkaratusi na mchaichai: mpira wa kitonezi, kile kibomba cha kudondoshea matone, hulika ukikaa muda mrefu kwenye mvuke wa mafuta hayo. Fungeni chupa kwa kifuniko cha kawaida, kitonezi kiende pembeni ndani ya boksi.

Kuhusu lebo nitasema kwa ukali kidogo. Lebo iliyochapwa kwa wino wa maji kwenye karatasi ya kawaida haimalizi wiki bafuni. Nimeona chupa ya mwenzetu ambayo kilichobaki juu yake ni picha ya jani tu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346, kinataka msomaji aone jina la bidhaa, mtengenezaji na anwani yake, ujazo, viambato, namba ya toleo, na tarehe. Hayo yote yakifutika, umebaki na mafuta yasiyo na mwenyewe. Lipieni utando wa plastiki juu ya karatasi. Alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, msiichape kabla ya kibali kutoka, hata mkiambiwa na mchapaji kwamba "kila mtu anaweka". Kwenye viambato, andikeni jina la kitaalamu na la nyumbani pia. Butyrospermum parkii haimwambii mteja wa Kayole kitu, siagi ya shea inamwambia. Vivyo hivyo kile kichoro cha kopo lililo wazi chenye 12M: ongezeni maneno, "tumia ndani ya miezi 12 baada ya kufungua".

Ununuzi wa pamoja ulituumiza. Tuliagiza chupa za shingo ya milimita 24, muuzaji akatuletea vifuniko vya 28, na kurudishiwa fedha kulichukua miezi. Kosa letu ni kwamba tulilipa kabla ya kuona sampuli, na hilo naliandika hapa ili lisirudiwe na kamati ijayo.

Sheria nayo haijalala. Mnakumbuka Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Sasa tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni za 2024 zinazomtwika mzalishaji wajibu wa kifungashio chake hata baada ya mteja kukitupa. Tusingoje kukumbushwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Boksi la karatasi lenye dirisha la plastiki lililogundishwa ni mzigo kwa anayechambua taka kwenye jalala la Dandora. Dirisha likiondoka, nani atalikumbuka?

Kamati haikukubaliana kuhusu kujaza upya chupa zilizotumika. Wapo wanaosema inaokoa fedha na taka. Wapo wanaoogopa, na wana haki, kwamba chupa yenye lebo yetu ikizagaa mtaani itajazwa na matapeli. Mimi naona tupokee za kioo tu, tena kwetu wenyewe, tuzioshe na kuzichemsha, tuzikaushe kabisa, kisha tuweke lebo mpya, kifuniko kipya na lakiri ambayo ikivunjwa inaonekana. Mtalipigia kura leo.

Mwisho, anayetaka kuingia kwenye oda ijayo ya chupa za kahawia amwone katibu kabla hajaondoka. Aje na chupa yenyewe mkononi tupime shingo, picha ya simu haitatosha. Rula iko mezani.

Mwenyekiti,
Nairobi