Baiskeli Jumatatu: wa Pongwe na wa mjini

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumatatu tunaenda kazini kwa baiskeli. Wa Pongwe tukutane stendi saa 12 kamili asubuhi, twende pamoja mpaka Ngamiani, hapa Tanga mjini.

Naomba kila mmoja akague breki leo hii. Jana nilipoishika ya mbele nikasikia mlio. Kutazama, raba imelika mpaka chuma kinakwaruza ringi. Na nimeiendesha hivyo wiki nzima! Fundi kaibadilisha, haikuchukua hata robo saa.

Jambo linaloninyima usingizi ni malori ya barabara kuu. Lori likikaribia kukata kona, usijipenyeze kushoto kwake. Dereva hakuoni, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani kuliko ya mbele. Baki nyuma, lipite. Ukichelewa kazini, utaeleza.

Saa hiyo bado kuna kiza, kwa hiyo taa nyekundu nyuma na nguo nyeupe. Kofia ngumu kwa aliye nayo. Mama wanaobeba watoto kwenye karia, miguu ya mtoto iwe mbali na spoku, tafadhali sana.

Dada zetu mliokuwa mnasita, karibuni, tutakwenda mwendo wenu. Mwenye pampu aje nayo. Anayekuja aandike jina hapa chini.