Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makali ya Vifaa vya Kuandalia Mfupa

Ndugu wanachama,

Habari za ada na uanachama mtazisikia kwa katibu na mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililoishughulisha kamati mwaka mzima: vifaa tunavyoandalia mfupa kabla ya kumwekea skrubu, msumari au nyonga bandia mgonjwa aliyevunjika nyonga.

Tumezoea kubishana juu ya kipandikizi, tukasahau tundu linalokipokea. Chukueni skrubu ya nyonga yenye bamba. Kazi yote hufuata waya elekezi, yaani waya mwembamba unaotangulizwa ndani ya mfupa kuonyesha njia. Umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha mfupa wa paja hupimwa kwenye picha mbili za eksirei. Jumla yake ikizidi milimita 25, hatari ya skrubu kuchomoza nje ya kichwa huongezeka. Juu ya waya huo hupita kekee ya hatua tatu, inayochonga kwa mkupuo mmoja njia ya skrubu, nafasi ya mrija wa bamba na ukingo wa mlango. Waya ukiwa umepinda, kekee huweza kuunasa na kuusukuma mbele, ukavuka kiungo na kuingia ndani ya fupanyonga. Kwa hiyo tumeazimia waya uliokwisha kutumika usirudi kwenye seti.

Ubutu unatuumiza zaidi kwa sababu madhara yake hayaonekani mezani. Kekee butu husugua mfupa badala ya kuukata. Msuguano huzaa joto, na mfupa uliokaa kwenye nyuzi joto 47 kwa dakika moja hivi huanza kufa. Daktari hufunga jeraha ameridhika, kumbe skrubu imeshika mfupa usio hai. Kwenye msumari wa ndani ya uboho, kekee ya kufungulia njia ikipita palipovunjika bila makali huvitanua vipande, na mfupa uliokwisha kurudishwa mahali pake ukaachana tena. Tupa za nyonga bandia, zile zinazogongwa ndani ya mfupa wa paja kuchonga nafasi ya shina lake, zikiisha meno, mkono huongeza nguvu ya nyundo. Mfupa wa mzee hauvumilii hilo.

Nawashukuru kwa dhati wauguzi wa chumba cha upasuaji. Ndio waliosisitiza kwamba kekee zenye tundu katikati hugandiwa na damu na chembe za mfupa ndani, na mvuke hautakasi kilichozibwa. Zisuguliwe kwa brashi nyembamba kabla hazijakauka, kisha makali yatazamwe kwa kioo cha kukuzia.

Kamati haikuafikiana jambo moja: tuhesabu mara ambazo kekee imetumika, au tutegemee ukaguzi wa macho? Kwa maoni yangu tufanye yote mawili, maana mfupa mgumu wa kijana humaliza makali upesi kuliko ule wa mzee, na hesabu peke yake haitambui tofauti hiyo. Naomba mkutano huu upige kura kila seti ya nyonga iwe na kadi yake, na anayekagua apewe mamlaka ya kuondoa kifaa bila kusubiri idhini ya daktari.