Kwa rafiki yangu anayeandika riwaya ya kijasusi

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, nikitumaini kwamba u mzima pamoja na shemeji na watoto. Barua yako imenifikia, nami imenikaa moyoni, hasa pale unaposema kwamba unataka kuiacha riwaya yako kwa sababu hujawahi kufanya kazi ya usalama, na kwamba zile sura zinazomhusu marehemu baba yako zinakutia haya.

Naomba nikueleze habari za John le Carré, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kijasusi, ambaye jina lake halisi lilikuwa David Cornwell. Wengi wetu tulimfahamu kwa riwaya yake ya mwaka 2001 inayohusu Kenya na kampuni ya dawa inayowafanyia maskini majaribio. Yeye kweli alikuwa shushushu: alitumikia MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, kisha MI6, idara yake ya ujasusi wa nje, na alikuwa Ujerumani Magharibi kwa mwavuli wa ubalozi wakati riwaya yake ya tatu ilipompatia umaarufu mwaka 1963. Muda mfupi baadaye aliacha kazi. Utumishi wake, basi, ulikuwa wa miaka michache, ilhali aliandika kwa karibu miaka 60. Ukiniuliza yote hayo aliyatoa wapi, nitakujibu kwamba aliyatoa nyumbani kwao.

Baba yake, Ronnie, alikuwa tapeli aliyewahi kufungwa jela, mwenye haiba ya kuwafanya hata aliowaibia waendelee kumpenda. Mama yake, Olive, aliondoka usiku David akiwa na miaka 5, akamwacha yeye na kaka yake, na hawakuonana tena mpaka David alipokuwa kijana wa miaka 21. Sanduku la ngozi nyeupe aliloondoka nalo lilifika mikononi mwa mwanawe miaka mingi baadaye, naye akalitunza. Mimi hulifikiria sana sanduku lile. Mtoto aliyekulia katika nyumba ambamo watu wazima wanaficha mambo hujifunza kutega sikio mlangoni na kupima sauti ya anayecheka, kabla idara yoyote haijamwajiri.

Wala usidhani kwamba aliyaandika hayo upesi. Ronnie, ambaye alifikia hatua ya kusaini vitabu vya mwanawe akijitambulisha kuwa baba wa mwandishi, alifariki mwaka 1975. Mwana aligharamia mazishi bila kuhudhuria, na riwaya iliyomchora baba huyo waziwazi haikutoka mpaka mwaka 1986. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kuu, kwa sababu humo hakumlaani baba yake wala hakumtakasa.

Kuna upande mwingine ambao nakusihi usiupite. Le Carré aliandika kwa mkono, mkewe Jane akachapa, kisha yeye akazikata kurasa kwa mkasi, akazibana upya kwa mpangilio mwingine, akazijaza masahihisho na kumrudishia achape tena. Mwanamke huyo huyo, kama alivyoeleza Adam Sisman, mwandishi wa wasifu wa le Carré, katika kitabu cha mwaka 2023, alidanganywa na mumewe kwa miaka mingi. Jambo hilo linaniuma, maana linaonyesha kwamba ustadi wa kudanganya aliourithi kwa Ronnie haukuishia kwenye karatasi. Le Carré alifariki Desemba 2020, Jane akamfuata Februari 2021, na mtoto wao Nick ndiye aliyeiandaa hati ya mwisho ya baba yake ikatoka mwaka huo huo.

Kwa hiyo sura za mzee usizitoe. Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, alitupa mbio na risasi, nasi tulimpenda kwa haki. Wewe tupe yule baba aliyefunga mlango wa chumba kila simu ilipolia, na mtoto aliyebaki ukumbini akijifanya anasoma. Shemeji awe wa kwanza kusomewa, na kama yeye ndiye anayekuchapia, jina lake lionekane kitabuni. Nami nitumie sura ya nne kama ilivyo, kabla hujaanza kuipunguza.

Wasalaam,
Rafiki yako