Bampa ya mbele haihitaji waya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila anayekaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela hulishuhudia: magari madogo ambayo bampa zake za mbele zimeshonwa kwa waya, zimepigiliwa skrubu za mbao, au zinaning'inia upande mmoja. Mpita njia hudhani yote hayo yamegonga. Mimi naamini mengi hayakugonga kitu, bali bampa iling'olewa na mtu mwenye haraka aliyetaka kufikia honi, taa au kondensa ya AC (kipoza gesi cha kiyoyozi), kisha ikarudishwa bila vishikizo vyake.

Tunachokiita bampa, kwa magari mengi ya leo, ni ganda la plastiki tu. Kinachopokea kishindo ni boriti ya chuma au alumini iliyo nyuma yake, ambayo mara nyingi huwa na sponji ngumu kwa mbele. Ganda hilo ni jepesi, na limeshikiliwa na klipu za plastiki, bolti chache, ambazo kwa Toyota nyingi hufunguliwa kwa spana namba 10, pamoja na kipachiko kilicho kwenye ukingo wa kila fenda, yaani bodi ya pembeni iliyo juu ya tairi la mbele. Hakuna hapo kinachomshinda mwenye gari aliye na bisibisi mbili, spana, tochi na ndugu wa kumshikia upande wa pili.

Kinachoharibu kazi ni papara, hasa kwenye klipu. Klipu ina kijiti cha katikati na ala inayokizunguka. Aina moja ina kijinafasi pembeni mwa kijiti, na hapo ndipo ncha ya bisibisi bapa huingia ili kijiti kiinuliwe kwanza, ndipo klipu nzima itoke. Aina nyingine haina kijinafasi hicho: kijiti husukumwa ndani kidogo tu, klipu ikalegea na kuvutwa kwa vidole, na siku ya kuirudisha ni lazima kijiti kirudishwe juu kwa kusukumwa kutokea nyuma, la sivyo haitashika kamwe. Fundi asiyejua tofauti hiyo, au anayeijua na asijali, huchomeka koleo na kuzivunja zote, maana waya tayari anao mfukoni.

Mahali pa pili ni pembeni, ganda linapokutana na fenda. Mara nyingi kuna skrubu iliyojificha nyuma ya plastiki ya madigadi, nayo huonekana vizuri usukani ukizungushwa kulia unapofanya kazi upande wa kushoto, na kinyume chake. Asiyeitafuta huvuta kwa nguvu, na plastiki iliyokaushwa na jua la miaka mingi hupasuka palepale. Hata skrubu ikishatoka, ukingo huvutwa kuelekea nje, kuanzia kwenye tao la tairi, wala si kuelekea mbele. Upande wa mbele huja mwisho, tena polepole, kwa sababu nyaya za taa za ukungu bado zimeungwa na soketi zake zinapaswa kubonyezwa kwanza ili ziachie.

Kabla ya yote hayo gari lizimwe na waya hasi wa betri uondolewe. Magari mengi yana vihisi vya eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumka gari likigonga, sehemu ya mbele, na vitabu vya matengenezo vya Toyota huagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kuondoa waya huo. Anayelazimika kuingia chini asiitegemee jeki peke yake. Mwenye gari jipya lenye rada (kifaa cha kuhisi vilivyo mbele ya gari) ndani ya bampa, huyo namshauri aende kwa wenye vifaa vya kuipima upya.

Sisemi mafundi wanyimwe kazi. Wapo wanaopanga klipu kwenye kopo moja baada ya nyingine, na hao wanastahili malipo yao. Ila ganda likishafunguliwa, mteja ana haki ya kuuliza kila klipu imekwenda wapi, na iliyovunjika inunuliwe nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Ilala au Kariakoo, kwa kwenda na ile ya zamani mkononi, kwa kuwa matundu hayalingani upana.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu wa magari uchapishe picha za aina hizo mbili za klipu, kila moja ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguliwa, kwa ukubwa ambao msomaji anaweza kuulinganisha na zilizo kwenye gari lake.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam