Barua kwa mdogo wangu anayerudia mitihani ya Bodi ya wahasibu na wakaguzi (NBAA): chukua lori moja

Mdogo wangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, na sikujibu palepale sababu nilijua nikipiga simu ntaishia kukwambia pole halafu kila mtu akalale. Pole nakupa. Kufeli pepa mbili za ngazi ya mwisho baada ya miezi yote ile ya kuamka saa kumi alfajiri inauma, naijua, ile pepa ya taarifa za fedha mi mwenyewe niliirudia mara mbili ndo ikakubali. Ila ulichoniuliza ni "dada nitumie notsi ulizosomea wewe", na hapo ndo nikaona bora niandike, tena hadharani, manake najua mko wengi mnaosaka notsi muda huu Mei inakuja.

Notsi unazo. Pasti pepa unazo za miaka na miaka, na majibu yake yote. Nilikaa pembeni yako ile Jumapili kwa mama nikakuangalia unavyosoma: unafungua swali, unapitisha macho mistari miwili, unashuka kwenye jibu, unasema eeh hii naijua, unaenda swali lingine. Kwa saa mbili hukushika peni hata mara moja. Sa mdogo wangu, jibu la mtu mwingine lazima utalielewa, limeshapangwa, shida ni ile karatasi tupu na hesabu zimechanganywa makusudi na hakuna anayekwambia uanzie wapi.

Nikueleze kilichonitoa mimi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya malori, yale yanayopandisha mizigo Tunduma kwenda Zambia na Congo, na siku moja nikachukua lori moja, nikalipitisha pepa zote nne: taarifa za fedha, kodi, ukaguzi na fedha za kampuni. Yani kila nikisoma kitu kipya najiuliza, kwa hili lori inakuwaje?

Tuseme kampuni imelinunua milioni 200, la tani 30, litatumika miaka 5 na mwishoni halibaki na thamani. Kwenye vitabu unakata uchakavu wa milioni 40 kwa mwaka, kwaiyo mwaka wa kwanza ukiisha linabaki 160. Nenda TRA sasa, lori kubwa hivo liko kundi la 2 ambalo linakatwa 25% ya kinachobaki, yani milioni 50, linabaki 150. (Lingekuwa dogo la chini ya tani 7 lingeingia kundi la 1 la 37.5%, hapo watu wengi wanapoteza maksi sababu hawasomi swali limesema tani ngapi.) Tofauti ya 160 na 150 ni milioni 10, zidisha 30% ya kodi ya kampuni, unapata milioni 3, hiyo ndo kodi iliyoahirishwa ya IAS 12, ile kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayohusu kodi ya mapato. Mi nilimweleza mama hiyo kitu jikoni kwa Kiswahili, nikamwambia mwaka huu TRA wamekuachia milioni 3 ila hawajakusamehe, watazidai huko mbele makato yao yakiwa madogo kuliko ya vitabuni, mama akasema "basi ni deni". Basi ni deni! Miaka miwili naikariri kwa Kiingereza kama fomula, siku hiyo ndo nikaijua, na kwenye mtihani nikaiandika kwa Kiingereza bila kutetemeka sababu nilikuwa najua nachosema.

Fanya hivo kwa kila kitu kigumu. Mtihani ni Kiingereza lakini akili yako inaelewa kwa Kiswahili, mweleze mama, mweleze dereva wako wa boda, ukikwama katikati ujue hapo ndo hujaelewa, rudi.

Endelea na lori letu. Mwaka wa kwanza umeisha, kampuni mama inaliuza kwa kampuni tanzu milioni 180. Kampuni mama inaona faida ya milioni 20, ila ukiangalia kundi zima, yani mama na tanzu kama kampuni moja, hakuna kilichouzwa, lori limehama mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kwaiyo ile 20 unaifuta. Halafu usiishie hapo, mi ndo nilikuwa naishia hapo, tanzu atakata 180 kwa miaka 4 iliyobaki yani 45, wakati kundi linatakiwa likate 40, ile 5 iliyozidi unairudisha kila mwaka. Na mtu wa kodi nae anauliza hiyo 180 ni bei ambayo mngemuuzia mtu baki? Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 hicho. Unaona pepa mbili zinavyoongea?

Na kama wamelikodi miaka 4 badala ya kununua, IFRS 16, kanuni ya uhasibu ya vitu vya kukodi, inasema liingie kwenye mizania, haki ya kulitumia upande mmoja na deni upande mwingine, usiandike malipo ya kukodi ya mwezi mwezi tu kama zamani kabla ya 2019.

Ukaguzi ndo pepa uliyofeli kwa maksi chache na nimesoma jibu lako la majaribio, umeandika "mkaguzi aangalie nyaraka". Nyaraka gani? Andika mkaguzi achukue rejista, achague malori kadhaa, aende yadi akaone namba ya chesisi, hapo anathibitisha kwamba yapo kweli. Halafu ageuke, aanze na lori aliloliona yadi arudi kulitafuta kwenye rejista, hapo anaangalia kama yote yameandikwa. Mwelekeo ukikosea jibu limekosea hata kama sentensi ni nzuri.

Fedha za kampuni sina wasiwasi nawe sana, ila ukipiga hesabu ya kununua lori au kukodi, riba ya mkopo usiitoe kwenye mtiririko wa fedha, kile kiwango cha deskaunti (cha kushusha hela za mbeleni ziwe thamani ya leo) kimeshaibeba, utakuwa umeitoa mara mbili.

Na zile notsi za kodi ulizorithi kwa rafiki yako, za miaka mitatu nyuma, tafadhali zitupe. Sheria ya Fedha inaanza kila tarehe 1 Julai na inabadilisha viwango, usije ukapiga hesabu safi kwa kiwango kilichokufa.

Saa tatu kwa maksi 100, swali la maksi 20 ni dakika 36. Ikifika ya 36 unaacha, hata kama mizania haijabalansi, najua roho inagoma, mi iligoma nikabaki na swali zima sijaligusa, na hilo ndo lililonirudisha nyumbani mara ya pili, wala haikuwa ugumu wa pepa.

Jumamosi njoo kwangu saa mbili asubuhi. Njoo na peni mbili na kalkuleta, laptopu iache, folda iache, simu ntakaa nayo mimi. Pasti pepa ya ukaguzi ntakuwa nimeshaichapa bila majibu, utakaa mezani kwa saa tatu mi niko nje na watoto, ukimaliza tunakula wali, halafu nasahihisha mstari kwa mstari mbele yako. Jumamosi inayofuata ya taarifa za fedha. Nauli ya kutoka Mbagala ntakurudishia.

Dada yako